Helmeti kwa Mtoto Anayekwea Miamba

Leo tutazungumza kuhusu kichwa cha mtoto, na hasa helmeti anayopaswa kuvaa akienda kukwea miamba.

Huenda mama mmoja anajiuliza, "Mambo ya kukwea miamba yananihusu nini mimi?" Yanakuhusu, mama. Ukitoka Kitengela ukapita Athi River na kushika barabara ya Mombasa, utauona mlima wa Lukenya. Kwenye majabali yake watu wamekwea kwa kamba miaka mingi, wakiwemo wanachama wa Mountain Club of Kenya, klabu iliyoanzishwa mwaka 1949. Watoto wa shule, skauti na vijana wa kanisa hupelekwa kambini upande huo. Wengine hupelekwa Hell's Gate, Naivasha, ambako kuna mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, wenye urefu wa mita 25 hivi. Siku moja mtoto wako ataleta barua kutoka shuleni, na chini yake kuna mstari: sahihi ya mzazi. Kabla hujatia sahihi, kuna mambo unayopaswa kujua.

Hatari inatoka wapi?

Wengi wetu tukisikia kukwea miamba tunafikiria jambo moja tu, yaani mtoto kuteleza na kuanguka. Lakini kichwa kinaweza kuumia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni jiwe linaloanguka kutoka juu. Anayekwea anaweza kukanyaga jiwe lililolegea, kamba inaweza kulivuta, au nyani na mbuzi wanaopita kileleni wanaweza kulisukuma. Jiwe likidondoka kutoka urefu wa mita 25, linafika chini likiwa na kasi ya karibu kilomita 80 kwa saa. Huo ni mwendo ambao matatu hairuhusiwi kuuzidi hata kwenye barabara kuu. Hata jiwe dogo linalotosha kiganjani linaweza kupasua fuvu likija kwa kasi hiyo.

Njia ya pili ni kubembea. Mtoto amefungwa kamba vizuri, anateleza, na kamba inamshika. Hakufika chini, lakini kamba inambembeza kama ndoo kisimani na anagonga mwamba kwa kichwa. Kamba ikiwa imepita nyuma ya mguu wake, inaweza hata kumpindua, kichwa chini miguu juu.

Njia ya tatu ni vitu vinavyoponyoka mikononi mwa walio juu, kama vile chupa ya maji, simu, au vyuma vya kufungia kamba.

Sasa angalia jambo hili, mama. Katika njia ya kwanza na ya tatu, anayeumia huenda hakukwea kabisa. Ni yule anayeshika kamba chini, au watoto wanaongoja zamu yao wakila mandazi. Kwa hiyo helmeti ni ya kila mtu aliye karibu na mwamba, mwalimu pia.

Kwa nini tunasisitiza kichwa?

Ni kweli kwamba majeraha mengi ya wanaokwea miamba ni ya miguu na vifundo. Lakini mguu uliovunjika hufungwa plasta, na mara nyingi hupona. Ubongo ni kitu laini kilichozungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigongwa, ubongo unatikisika na kugonga fuvu kutoka ndani. Mishipa ya damu inaweza kupasuka, na damu haina pa kutokea, hivyo inaubana ubongo. Sehemu ya ubongo iliyokufa haioti tena. Mtoto anaweza kubaki bila nguvu upande mmoja, kupata kifafa, kusahau aliyojua, au kufa.

Helmeti inafanyaje kazi?

Nje ina gamba gumu la plastiki. Ndani kuna povu gumu, kama lile linalozunguka televisheni mpya kwenye boksi, au kuna mikanda inayolishikilia gamba lisiguse kichwa. Gamba linazuia ncha ya jiwe kupenya na linasambaza pigo kwenye eneo kubwa. Povu linabonyea na kumeza nguvu ya pigo. Fikiria kuanguka kwenye sakafu ya saruji na kuanguka kwenye godoro. Uzito wako ni ule ule, lakini godoro linakusimamisha polepole zaidi. Hivyo ndivyo povu linavyofanya.

Tuseme ukweli pia. Helmeti haimfanyi mtoto kuwa jiwe. Haikingi shingo, mgongo wala miguu, na haiwezi kulizuia jiwe kubwa mno. Hata mwenye helmeti anaweza kupata mtikisiko wa ubongo. Kazi yake ni kupunguza pigo, ili lililokuwa liue lijeruhi, na lililokuwa lijeruhi liache uvimbe tu.

Je, helmeti yoyote inafaa?

Hapana. Ile ya boda boda ni nzito, inaziba masikio, na mtoto hatasikia akiambiwa "Jiwe!" Kofia ngumu ya mjengo mara nyingi haina ukanda imara wa kidevu, kwa hiyo mtoto akipinduka inatoka. Helmeti ya kukwea huandikwa ndani alama ya EN 12492 au UIAA, ambazo ni alama za viwango vya usalama. Mwambie mwalimu akuonyeshe.

Kuivalisha, fuata hatua hizi:

1. Ikae sawa juu ya kichwa. Kati ya nyusi na ukingo wa helmeti pasizidi upana wa vidole viwili. Ikirudi kisogoni, paji la uso linabaki wazi.

2. Kaza kikazio cha nyuma, kisha mwambie mtoto atikise kichwa kabla ya kufunga ukanda. Isicheze.

3. Mikanda ya pembeni ikutane chini ya sikio. Ukanda wa kidevu ufungwe, pabaki nafasi ya kidole kimoja tu.

4. Msichana aliyesukwa rasta afunge nywele chini, karibu na shingo. Akizifunga fundo juu, helmeti itaelea. Kitambaa chembamba au hijabu iliyolala vizuri haina shida, lakini kofia nene ya sufu haifai.

Helmeti iliyopata pigo kubwa isitumike tena, hata kama huoni ufa, kwa sababu povu likishabonyea halirudi. Isiachwe juani, maana jua letu la Kajiado linaichosha plastiki. Isipakwe rangi. Ya mtumba usinunue, kwa sababu hujui ilikotoka wala ilichogongwa nacho.

Tena kuna onyo moja. Mtoto akimaliza kukwea, avue helmeti kabla ya kwenda kucheza kwenye miti au bembea. Ukanda ukinaswa kwenye tawi unaweza kumnyonga.

Na wale wasio na kamba wala helmeti?

Tunawajua. Ni kijana anayechunga mbuzi na kupanda jabali ili aone mifugo ilikoelekea. Ni watoto wanaocheza kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Hao hatuwezi kuwaambia wabebe helmeti malishoni. Tuwafundishe wasipite chini ya mwenzao anayepanda, wasirushe wala kubingirisha mawe, na wasipande miamba iliyoloa mvua. Machimboni wasiende kabisa, kwa sababu kuta zake hubomoka bila kutoa habari.

Na wewe unayempandisha mtoto boda boda kila asubuhi, usisahau kwamba sheria ya Kenya inamtaka dereva na abiria wavae helmeti, na abiria awe mmoja tu. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Mtoto akigonga kichwa, fanya nini?

Kama ameanguka kutoka juu, amezimia au analalamika shingo, usimwinue wala kumketisha. Shikilia kichwa chake kisicheze. Helmeti iache ilivyo, isipokuwa inamzuia kupumua. Piga simu 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199. Kidonda kinachotoka damu kikandamize kwa kitambaa safi, lakini usikandamize mahali palipobonyea.

Mkimbize hospitali ukiona lolote kati ya haya:

- Alizimia, hata kwa dakika moja.
- Anatapika zaidi ya mara moja.
- Anapata degedege.
- Kichwa kinazidi kumuuma.
- Anaongea mambo yasiyoeleweka au hawatambui watu.
- Mkono au mguu umelegea.
- Mboni za macho hazilingani.
- Damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni.
- Ana usingizi mzito na haamki vizuri.

Usimkande uvimbe kwa maji moto wala kuuchua. Weka kitambaa cha maji baridi. Usimpe aspirini, kwani inaweza kuongeza kutoka damu. Wengine husema mtoto aliyegonga kichwa asilale kamwe. Akiwa hana dalili hizo anaweza kulala, lakini mwamshe mara kwa mara usiku wa kwanza uone kama anakutambua na kukujibu. Siku hiyo asirudi kwenye mchezo, hata akisema amepona.

Basi, mama, barua ile ikija usiikatae kwa woga, wala usiitie sahihi kwa haraka. Kukwea kunamjenga mtoto mwili na kumpa ujasiri. Uliza tu: Helmeti ni ngapi, na watoto ni wangapi? Nani atawakagua kabla ya kupanda? Wanaongoja watakaa wapi? Kama helmeti ni 10 na watoto 40 watakaa chini ya mwamba, una haki ya kusema, "Mwalimu, hapo bado."

Hadi tutakapokutana tena, tunawatakia afya njema. Kwaherini.

Mambo ya kukumbuka

- Helmeti ni ya anayekwea, anayeshika kamba na anayengoja.
- Iwe ya kukwea miamba, ikae sawa, ukanda ufungwe.
- Ikipigwa sana, isitumike tena.
- Mchunge mtoto usiku kucha baada ya kugonga kichwa. Ukiona dalili ya hatari, hospitali mara moja.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Watoto wa mtaa wetu hupanda wapi, na nani huwaangalia?
2. Tutamuuliza nini mwalimu kabla ya safari?
3. Tumekuwa tukifanya nini mtoto akigonga kichwa, na ni nini tutabadilisha?