Chozi wa Usambara na Safari ya Jina Lake

Mwanafunzi apandaye njia ya Gare asubuhi, katika Wilaya ya Lushoto, aweza kumwona ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, akinyonya maji matamu ya maua. Dume ana kichwa na mgongo wa kijani king'aacho na mkanda mwekundu kifuani. Jike ana rangi hafifu. Huyo ni chozi, na wataalamu humwita Cinnyris usambaricus. Makala haya yanaeleza jinsi alivyopata jina hilo, na kwa nini jina lina uzito.

Kwanza tuondoe kosa moja. Aonaye picha ya ndege wavumaji wa bara la Amerika hudhani kuwa ni jamaa ya chozi. Sivyo. Wavumaji wako karibu na teleka, ilhali chozi yumo katika oda moja na shomoro. Kila ukoo ulijipatia mdomo mrefu peke yake kwa kufuata chakula cha namna moja. Kwa hiyo kufanana kwa umbo hakutoshi kuthibitisha udugu.

Katika utaratibu wa Linnaeus, utumikao kwa wanyama tangu mwaka 1758, kila spishi ina jina la maneno mawili. La kwanza hutaja jenasi, la pili hubainisha spishi. Jenasi Nectarinia iliundwa na Illiger mwaka 1811, na Cinnyris na Cuvier mwaka 1816. Katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi waliwakusanya chozi wa Cinnyris ndani ya Nectarinia. Baadaye walitengwa tena. Kila walipohamishwa, mwisho wa neno la pili ulibadilika: usambarica katika Nectarinia, usambaricus katika Cinnyris. Hili lisimshangaze msemaji wa Kiswahili. Sisi nasi husema mti mzuri, lakini kiti kizuri. Kivumishi hufuata ngeli ya nomino.

Badiliko kubwa zaidi lilihusu cheo. Mwaka 1922 Grote alimweleza chozi huyu kama nususpishi tu ya Cinnyris mediocris, aishiye Kilimanjaro na katika nyanda za juu za Kenya. Mwaka 2004 Rauri Bowie na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha DNA na maumbile ya chozi wa milima mbalimbali ya Tanzania. Ilidhihirika kwamba misitu ya milimani ni kama visiwa: nyanda kavu za chini zimewatenga ndege hao kwa muda mrefu, na wa Usambara wana ukoo wao. Tangu hapo wamehesabiwa kuwa spishi kamili.

Je, tofauti hiyo ni ya vitabuni tu? La. Alipokuwa nususpishi, mtu angeweza kusema kwamba misitu ya Usambara ikitoweka, mediocris angali yuko Kilimanjaro. Leo hoja hiyo haisimami, kwa kuwa chozi huyu ni spishi ya peke yake, aishiye katika eneo dogo, ikiwemo milima ya Usambara na Pare.

Walimu wa biolojia wanaweza kuwapeleka wanafunzi ukingoni mwa msitu wa Magamba, waandike ni maua gani chozi huyazuru na saa ngapi. Anayemjua ndege kwa jina lake ataona mapema siku atakapoanza kupungua.