Dhoruba Ndani ya Waya

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na hata kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 na ndaki zake kutawanywa vilimani, majengo ya mji huu yamejaa nyaya za kompyuta. Nyaya hizo hukutana katika kisanduku chenye matundu mengi kiitwacho swichi, ambacho kazi yake ni kupokea vifurushi vya taarifa na kuvipeleka vinakostahili. Kisanduku hicho chaweza kulemaza jengo zima kwa kosa la waya mmoja.

Kosa lenyewe ni dogo. Mtu aukuta waya unaning'inia chini ya meza, akauchomeka katika tundu tupu ukutani, asijue kwamba ncha yake ya pili tayari imechomekwa katika tundu jingine. Njia imekuwa duara. Vifurushi vingi huwa na anwani ya mpokeaji mmoja, lakini viko vya tangazo, viendavyo kwa wote. Hivi swichi huvinakili katika kila tundu isipokuwa lile vilikoingilia. Kifurushi cha namna hiyo hakina hesabu ya safari zake, hivyo ndani ya duara hakifi: hurudi, hunakiliwa, hurudi tena. Waya wa megabiti 100 huweza kupitisha vifurushi vidogo wapata 148,800 kwa sekunde, na muda si mrefu wote hujaa tangazo lile lile.

Mwaka 1985 Radia Perlman, mtaalamu wa Marekani, alibuni utaratibu ambao swichi huulizana njia na kuziba zile za ziada. Utaratibu huo ungali unatumika, ingawa huweza kushindwa. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ilipatwa na mizunguko ya aina hii, madaktari wakarudia kalamu na karatasi kwa siku kadhaa.

Kinga ya pili ni kikomo cha dhoruba. Swichi huhesabu matangazo yanayoingia kila tundu, kwa kawaida kila sekunde. Yakizidi kiwango kilichowekwa, yanayosalia hutupwa, au tundu hufungwa kabisa. Ugumu uko katika kukichagua kiwango hicho, kwa sababu swichi haibagui tangazo jema na baya. Umeme unaporudi baada ya kukatika, kompyuta zote za jengo huwaka pamoja, na kila moja hutangaza ikiomba anwani yake. Ikiwa fundi ameweka kikomo cha chini mno, hasa katika tundu liunganishalo ghorofa na ghorofa, maombi hayo halali hutupwa, na watumishi hukaa mbele ya mashine zisizo na mtandao ilhali hakuna dhoruba yoyote. Fundi makini hupima kwanza matangazo ya siku za kawaida na ya asubuhi ya namna hiyo, ndipo akaweka kikomo juu yake.

Kipaumbele cha tundu ni jambo jingine. Kila kifurushi huweza kupewa daraja, kuanzia 0 hadi 7, na foleni inapotokea, cha daraja la juu hutangulia. Simu za mtandao, ambazo kwa kawaida hutuma vifurushi 50 vya sauti kila sekunde, huwekwa daraja la 5. Barua na mafaili husubiri, wala hayadhuriki. Tundu la meza ya kawaida lisiaminiwe kujipangia daraja, kwani kila mtu hujiona ana haraka.

Wapo wadhanio kwamba kipaumbele pekee kinatosha. Katika reli ya zamani ya kati, yenye njia moja, treni ya mizigo huweza kusubiri Bahi au Kikombo ili ya abiria ipite. Lakini mafuriko yalipoisomba reli hiyo kati ya Kilosa na Gulwe, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, hapakuwa na treni ya kupishwa. Katika dhoruba, kumbukumbu ya swichi kuhusu anwani ipi iko tundu lipi huvurugika, na simu yenyewe huelemewa na matangazo. Hapo daraja la 5 halifiki mbali kuliko daraja la 0.