Vumbi Haliingii Tundu Moja la Pua

Mbwa wa kulinda bohari za EPZ Athi River akianza kupiga chafya na kukoroma, lawama hutua mara moja kwenye vumbi. Zina msingi: viwanda vya saruji viko jirani, malori ya Barabara ya Mombasa hayakatiki, na kiangazi upepo wa nyanda za Kapiti hupuliza udongo hadi ndani ya nyumba. Lakini vumbi huwasha pua nzima. Makamasi yake huwa mepesi, hutoka pande zote mbili, na mbwa akihamishiwa penye hewa safi hupata nafuu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kwanza si pua imeziba kiasi gani, bali imeziba upande gani. Weka kioo baridi mbele ya pua yake: pumzi huacha madoa mawili ya ukungu. Likionekana moja tu, acha kulaumu hewa.

Upande mmoja una habari zake. Mbegu ya nyasi yenye miiba ikipenya puani, mbwa hupiga chafya za ghafla, mfululizo, huku akijikwangua kwa mguu. Miiba huelekea nyuma, kwa hiyo mbegu husonga ndani tu. Jino la juu lililooza huleta usaha puani kwa sababu mzizi wake umetenganishwa na pua kwa mfupa mwembamba. Kuvu nao hula mifupa laini ya ndani. Kwa mbwa mzee, hasa mwenye pua ndefu, makamasi ya upande mmoja yanayochanganyika na damu polepole, au uso unaovimba, hunifanya nifikirie saratani kwanza. Damu, hata hivyo, haitoki puani kwa ugonjwa wa pua pekee: erlikia, inayoletwa na kupe wa kahawia, hupunguza chembe za kugandisha damu, na hapo kipimo cha damu ndicho chenye jibu.

Pande zote mbili nazo si salama daima. Makamasi mazito ya kijani, macho yenye tongo, homa na kikohozi kwa mbwa asiyechanjwa ni dalili za distempa, virusi vilivyoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Mtenge na mbwa wengine.

Wapo watakaosema daktari ni ghali na mbwa wetu ni wagumu. Nakubali kwamba si kila chafya ni ya kukimbizwa kliniki. Anayekula na kucheza anaweza kuangaliwa siku mbili, apanguswe pua kwa maji ya uvuguvugu na kupewa chakula chenye joto ili akinuse. Ila asipewe dawa za mafua za watu: pseudoefedrini iliyomo katika baadhi yake inaweza kumuua, na ibuprofeni pia ni sumu kwake. Wengine hujitetea kwamba antibiotiki ilimsaidia. Ilipunguza bakteria waliofuata baadaye, huku mbegu au uvimbe ukibaki palepale. Makamasi yakirudi baada ya dozi, mbwa huyo anahitaji picha ya eksirei na kuchunguzwa ndani ya pua, kama inavyofanyika katika hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Anayehema kwa mdomo akiwa ametulia kivulini, au mwenye ufizi wa samawati, apelekwe kwa daktari wa karibu saa hiyo hiyo.