Haionekani, Haisomeki, Haianzishi: Hitilafu za Diski Kuu na Usalama wa Kumbukumbu za Kidijitali Jijini Kigali

Ikisiri

Makala hii inaeleza sababu za kompyuta kushindwa kuitambua diski kuu inapowashwa, na inapendekeza utaratibu wa kuchunguza hitilafu hiyo katika taasisi zinazohifadhi kumbukumbu. Hoja kuu ni kwamba diski isiyotambuliwa haijathibitika kuwa imepoteza data. Kuchanganya mambo hayo mawili husababisha kupotea kwa kumbukumbu kwa upande mmoja, na kuvuja kwa taarifa za watu kwa upande mwingine. Aidha, zinapendekezwa istilahi tatu za kutofautisha hitilafu zinazohusika.

1.0 Utangulizi

Mahakama za Gacaca zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, ziliiachia Rwanda hazina ya nyaraka inayokadiriwa kufikia kurasa milioni 60 hivi, ambazo kazi ya kuzihifadhi kidijitali ilifuata. Kabla ya hapo, Desemba 2010, hifadhi ya kidijitali ya nyaraka za mauaji ya kimbari ilikuwa imezinduliwa Gisozi, Kigali, ikikusanya shuhuda za sauti, picha na maandishi. Hazina hizi zinatajwa hapa ili kuonyesha uzito wa kile kinachowekwa ndani ya diski. Ofisi ya wilaya, zahanati na idara ya chuo kikuu nazo zina kumbukumbu zao, mara nyingi katika kompyuta moja isiyo na nakala. Hivyo, swali la nini kifanyike kompyuta inapowashwa na diski isionekane, ambalo kwa kawaida huachiwa fundi, ni swali la kisera pia.

2.0 Kompyuta Inapowaka

Umeme unapoingia, programu msingi iliyomo katika ubao mama (BIOS au UEFI) hukagua kumbukumbu ya muda, kibodi na diski. Kisha hutafuta, kwa mpangilio uliowekwa, diski yenye programu ya kuanzishia mfumo endeshi. Msururu huu unaweza kukatika mahali pengi, lakini mtumiaji huona karibu ujumbe uleule: hakuna kifaa cha kuanzishia kompyuta. Ujumbe huo hausemi kama diski haipo, ipo lakini haieleweki, au ni nzima na mpangilio ndio uliobadilika.

3.0 Istilahi Tatu Zinazopendekezwa

Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017 na ni lugha ya mafundi wengi wa ukanda huu, kinaweza kutenganisha kile ambacho ujumbe wa mashine unakichanganya.

Diski haionekani pale ambapo programu msingi haiorodheshi jina wala ukubwa wake. Sababu za kawaida ni kebo iliyolegea, umeme usiofika, soketi iliyozimwa au saketi ya diski iliyoungua. Katika baadhi ya ubao mama, kuchomeka diski bapa ya M.2 huzima soketi fulani ya SATA, na diski nzima ya zamani hutoweka. Vilevile, soketi ya M.2 inayokubali NVMe pekee haitaiona diski ya M.2 inayotumia SATA, ingawa umbo linaweza kuingia.

Diski haisomeki pale ambapo imeorodheshwa lakini yaliyomo hayafunguki. Huenda jedwali la mafungu limeharibika, au mfumo endeshi hauna kiendeshi cha kidhibiti cha diski. Diski iliyofungwa kwa usimbaji fiche nayo huonekana hivyo hadi ufunguo wa urejeshaji upatikane.

Diski haianzishi pale ambapo inaonekana na kusomeka, lakini kompyuta haiwaki kupitia kwake. Mara nyingi betri ndogo ya ubao mama, ya volti 3, imekwisha: saa hurudi nyuma, na katika mashine nyingi mipangilio nayo hurudi ya kiwandani. Tarehe isiyo sahihi ni dalili ya kuangaliwa mapema, kwa maana tiba yake ni betri na kurejesha mipangilio.

4.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Kanuni ni kuanza na hatua zisizogusa data. Kwanza, sikiliza: diski ya sahani inayogonga au kukwaruza izimwe mara moja, kwani kila uwashaji unaweza kukwangua uso wenye data. Pili, fungua mipangilio ya programu msingi, usome tarehe, orodha ya diski na mpangilio wa kuanzisha, na uandike ulichokikuta kabla ya kubadili chochote. Tatu, zima na uchomoe umeme, kisha badilisha kebo na soketi, kimoja kwa wakati mmoja. Nne, iunganishe diski na kompyuta nyingine kwa njia ya kusoma tu. Tano, ikionekana, nakili diski yote, sekta kwa sekta, na ufanyie matengenezo nakala hiyo. Kuifomati diski au kusakinisha upya mfumo endeshi kabla ya hatua ya tano ni kuiponya mashine kwa gharama ya kumbukumbu.

5.0 Athari za Kisera

Kwanza, taasisi za umma ziwe na fomu fupi ya Kiswahili na Kinyarwanda inayomtaka fundi ataje aina ya hitilafu kati ya hizo tatu kabla ya kuidhinishwa kuifuta diski au kuibadilisha.

Pili, diski isiyoonekana isihesabiwe kuwa tupu. Saketi ikiungua, sahani zinaweza kubaki na kila jina na kila ushahidi, na mwenye vifaa akausoma. Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda kuhusu ulinzi wa data binafsi haikomi kuhusika eti kwa sababu kompyuta imekataa kuwaka. Kabla ya diski kupelekwa kwenye urejelezaji, kama ule unaofanyika wilayani Bugesera, uharibifu wa data uthibitishwe kwa maandishi.

Tatu, bajeti ya kudijiti nyaraka iambatane na bajeti ya nakala, ambayo angalau moja itunzwe mahali pengine. Diski kadhaa zilizounganishwa ndani ya mashine moja hazitoshi, kwa kuwa hitilafu moja ya umeme inaweza kuziunguza zote.

6.0 Hitimisho

Diski yoyote itafika siku isiyotambuliwa. Kinachoamua kama siku hiyo itakuwa usumbufu wa saa chache au upotevu wa kudumu ni jina litakalopewa hitilafu, hatua itakayotangulia, na kuwepo kwa nakala. Mambo haya matatu yanagharimu kidogo kuliko kukusanya upya ushuhuda, na kwa shahidi aliyekwisha kufariki, hakuna gharama inayoweza kuurejesha.