Rafiki wa nyota kwenye kiti cha mtangazaji

Mwanamuziki Koffi Olomide alizaliwa Kisangani tarehe 13 Julai 1956, mji ukiwa bado unaitwa Stanleyville, na watu wa Boyoma, kama tunavyouita mji huu, hawajaacha kumhesabu kuwa wao. Ndiyo maana picha za Julai 2016 ziliuma hapa kuliko kwingine. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kamera ilimnasa akimrushia teke mmoja wa wanenguaji wake wa kike mbele ya polisi. Siku hiyo hiyo alikaribishwa Citizen TV kujieleza. Alikana kumpiga mtu, akadai kwamba alikuwa anazuia ugomvi. Polisi walimkamata alipotoka kwenye kituo hicho, wakamrudisha Kinshasa, na siku chache baadaye akalala gereza la Makala kufuatia malalamiko ya mbunge Zacharie Bababaswe, kisha akaachiwa. Yaliyotokea wiki ile tumeyaona mara nyingi, sisi wa Kisangani tunaosikiliza redio kuanzia Makiso hadi Kapalata. Mtu maarufu akituhumiwa, hupata kipaza sauti siku hiyo hiyo, mara nyingi mbele ya mtu anayempenda. Aliyeumizwa tunamwona kwenye picha tu, hana jina wala sauti.

Mtangazaji ana haki ya kuwa na marafiki, hata wakubwa. Ila kipaza sauti alichopewa ni cha wasikilizaji. Rafiki yake akituhumiwa, analo moja kati ya mawili: ama autangaze urafiki wao hewani na kumwachia mwenzake kiti, ama amhoji kama anavyowahoji watu asiowajua. Kumtetea rafiki huku akijiita mwandishi wa habari ni kuwahadaa wanaomwamini. Kwenye mabaraza yetu ya kifamilia jambo hili halihitaji kufundishwa: shauri linapoletwa, mzee mwenye undugu wa karibu na upande mmoja hukaa kando, wengine wakaamua. Redioni tumeusahau utaratibu huo, na sababu zake zinafahamika.

Ya kwanza ni pesa. Waandishi wengi wa muziki nchini Kongo hawana mshahara wa kuwatosha, na baadhi hawana kabisa. Wanaishi kwa kile wanachokiita coupage, bahasha anayotoa mwenye habari ili mwandishi aje, arekodi, na habari irushwe. Anayeandaa tamasha hutoa, anayezindua albamu hutoa. Bahasha haiji na maagizo yaliyoandikwa, lakini kila anayeipokea anajua haitarudi mara ya pili akiuliza swali lisilopendeza. Juu ya hapo kuna mabanga, majina yanayotajwa ndani ya nyimbo. Mfanyabiashara hulipa ili jina lake liimbwe. Mtangazaji mara nyingi hatoi hata faranga, jina lake huimbwa kwa sababu anaupiga wimbo huo kila asubuhi. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa kijana aliyeanza kazi katika kituo kidogo: jina lake linachezwa katika kila baa kutoka Lubunga hadi Brussels, kwa hisani ya mtu ambaye kesho atatakiwa kumuuliza kwa nini alimpiga mfanyakazi wake. Halafu kuna ushabiki. Bendi ya Wenge Musica ilipovunjika mwaka 1997 na JB Mpiana na Werrason wakashika njia mbili, hata watangazaji walianza kuhesabiwa kwa kambi, na mazoea hayo hayajatutoka.

Utetezi wenyewe ni nadra kuja kwa maneno ya wazi. Mtangazaji hasemi kwamba rafiki yake hana hatia. Anamuuliza amejisikiaje kuonewa. Anamkumbusha tuzo zake, anapiga wimbo katikati ya mazungumzo, anasoma ujumbe wa mashabiki waliolia. Neno kipigo linageuka kuwa tukio, tukio linageuka kuwa matatizo ya Nairobi, na kabla kipindi hakijaisha, mwenye matatizo ni yeye nyota. Wakili, mnenguaji aliyeacha bendi, mtu wa shirika la kutetea wanawake: hakuna anayepigiwa simu. Haya yanadhuru kuliko sifa za waziwazi, maana sifa msikilizaji anaweza kuzipunguza mwenyewe, lakini swali ambalo halikuulizwa hawezi kulisikia.

Wapo watakaonijibu kwa sheria. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya 2006 inasema mtuhumiwa huhesabiwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho itakapothibitisha vinginevyo. Mtangazaji anayemkinga rafiki yake, watasema, anaitii Katiba. Naiheshimu ibara hiyo na nisingependa kuishi katika nchi isiyo nayo. Lakini inawafunga wanaohukumu wasimtie mtu hatiani kabla ya ushahidi. Haimwagizi yeyote atangaze kwamba mlalamikaji ni mwongo. Anayesema hewani kwamba wanawake wanaolalamika wametumwa amekwisha kutoa hukumu, ila amemhukumu yule asiyekuwepo. Marekani walipata somo hili hadharani mwaka 2015. Whoopi Goldberg, mmoja wa waendeshaji wa kipindi The View cha televisheni ya ABC, alimtetea kwa muda mchekeshaji Bill Cosby aliyekuwa akituhumiwa na wanawake wengi, akishikilia kwamba mtu hana hatia hadi ithibitishwe mahakamani. Julai mwaka huo mchambuzi wa sheria wa ABC, Dan Abrams, alimweleza kipindini kwamba kwa wengi wa wanawake hao muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha pita, kwa hiyo mahakama aliyoiambia nchi iisubiri haikuwepo. Goldberg alibadilisha msimamo palepale, mbele ya watazamaji. Nampa heshima yake kwa hilo. Cosby alitiwa hatiani mwaka 2018 katika shauri la mwanamke mmoja, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu. Lakini kilichombadilisha Goldberg ni kwamba mtu asiye rafiki wa mtuhumiwa alipewa dakika chache za kueleza sheria inavyofanya kazi. Kipindi chochote cha Kisangani kinaweza kumwita mwanasheria kwa gharama ya simu.

Kesi ya Koffi nchini Ufaransa inaonyesha kwa nini subira ni bora kuliko utetezi. Wanenguaji wanne wa zamani walisema kwamba kati ya 2002 na 2006 walizuiwa katika nyumba moja ya Asnières, karibu na Paris, hawaruhusiwi kutoka wapendavyo, na kwamba walidhulumiwa kijinsia. Walitoroka usiku mmoja wa 2006. Machi 2019 mahakama ya Nanterre ilimpa Koffi kifungo cha miaka miwili cha nje kwa kosa la kingono dhidi ya mmoja wao aliyekuwa na umri wa miaka 15, ikamwachia kwa mashtaka mengine. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles ikageuza mambo: ilimfutia mashtaka ya kingono, ikamtia hatiani kwa kuwazuia wanawake hao, na kumpa miezi 18 ya kifungo cha nje. Yeye amekana siku zote. Sasa warudie waliokuwa wakisema hewani kwamba kesi yote ni njama ya Wazungu na wivu wa mabinti, na warudie pia waliokuwa wakiapa kwamba kila tuhuma ni kweli. Mahakama iliwakosesha wote wawili. Kwa mtangazaji aliyesema ni njama, kazi ya kuwaeleza wasikilizaji hukumu ya Versailles inakuwa ngumu mno, kwa sababu kuisoma yote ni kukiri kwamba aliwapotosha. Njia rahisi ni kusoma nusu yake: alifutiwa mashtaka ya kingono. Nusu ya pili inazikwa kimya kimya.

Hoja inayogusa moyo zaidi ni ile ya mwana wetu. Huyu ameliinua jina la Kongo. Mwaka 2002 alibeba tuzo nne za Kora usiku mmoja. Wageni wanafurahi kutuona tunaaibika. Kwa nini tuwasaidie? Naielewa fahari hiyo, na katika mji ulioshuhudia majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana kwa makombora juu ya vichwa vya wenyeji wake mwezi Juni 2000, sishangai watu kuwa na mashaka na lawama kutoka nje. Lakini mnenguaji wa Nairobi alitoka wapi? Na wale wanne wa Asnières? Ni mabinti wa Kongo, waliokwenda ugenini kwa pasipoti za Kongo kuupamba muziki wa Kongo. Tukiuliza nani alindwe kwa sababu ni wetu, wao wana haki ileile, tena zaidi, kwa kuwa hawana albamu wala wakili wa kuwasemea. Wapo wanaoongeza kwamba mnenguaji wa Nairobi mwenyewe hakulalamika. Mtu ambaye viza yake, ujira wake na nafasi yake jukwaani vimo mkononi mwa anayemtuhumu, ataanzia wapi kulalamika? Hilo ndilo swali ambalo mtangazaji asiye na deni angeliuliza. Na aliyepeleka malalamiko dhidi ya Koffi Kinshasa, Bababaswe, alikuwa mtu wa televisheni kabla ya kuwa mbunge, aliyejulikana kwa taarifa ya habari ya Kilingala chepesi. Aliijua sekta hiyo kutoka ndani, na uzalendo wake haukumzuia.

Mwezi Julai 2024 lilitokea jambo lililofunua pazia. Koffi alialikwa RTNC, televisheni ya taifa, katika kipindi cha Jessy Kabasele, akatoa maneno makali kuhusu jinsi jeshi letu linavyopigana mashariki. Baraza la habari, CSAC, lilimwita mwanamuziki ajieleze, na Kabasele akasimamishwa kazi kwa muda. Miongoni mwa lawama ni kwamba hakumrekebisha mgeni wake. Siungi mkono adhabu ile. Mwandishi hapaswi kusimamishwa kazi kwa maneno yaliyotoka kinywani mwa mtu mwingine, na nchi iliyo vitani inahitaji watu wanaosema ukweli wao kuhusu jeshi. Lakini angalia kilichokiriwa: wakubwa wanajua vizuri kwamba mtangazaji anayenyamaza mbele ya mgeni wake naye amesema jambo. Walilijua jeshi lilipoguswa. Wanawake wanapoitwa waongo na malaya katika vipindi vya muziki, elimu hiyo inapotea ghafla. Kama kunyamaza kwa mtangazaji ni kosa la kitaaluma, basi lipimwe kwa kipimo kimoja. Kama si kosa, Kabasele hakupaswa kuguswa.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine, nayo inafaa kutazamwa ingawa kesi yao haikumhusu nyota. Machi 2021 watangazaji watatu wa Homeboyz Radio walimzungumzia mwanamke aliyekuwa amesukumwa kutoka ghorofa ya juu, wakimlaumu yeye badala ya aliyemsukuma. East African Breweries, mdhamini mkubwa, ikaondoa matangazo yake. Kituo kikawafukuza kazi wote watatu, na mamlaka ya mawasiliano ikakitoza faini ya shilingi milioni moja na kukisimamisha kipindi. Kwanza walikasirika wasikilizaji, mdhamini akafuata, serikali ikaja nyuma. Kwetu, kampuni za bia na za simu ndizo zinazolipia sehemu kubwa ya burudani hewani, na ndizo zinazowadhamini wanamuziki wenyewe. Sauti ya msikilizaji wa Kapalata anayepiga simu kituoni ina bei kubwa katika ofisi zao kuliko anavyodhani.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza, na ndilo ninalosikitika nalo zaidi. Mtangazaji wa kituo cha mtaa ataniuliza: nikimhoji nyota kama mgeni asiyejulikana, bahasha itakatika, jina langu litatoka kwenye wimbo, na nyumbani kuna watoto. Wewe utanilipa? Ana haki ya kuuliza. Kumtaka ushujaa mtu asiye na mshahara ni kumtwisha mzigo wa wengine. Wenye mzigo ni wamiliki wa vituo, wengi wao wanasiasa na wafanyabiashara wanaofungua redio kwa ajili ya uchaguzi na kuwaachia vijana wajitafutie. Mwenye redio anaweza kuanza na kanuni ndogo isiyomgharimu kitu: jina la mtangazaji likiimbwa ndani ya nyimbo za mtu, kesi ya mtu huyo inakwenda kwa mwenzake wa chumba cha habari, na msikilizaji anaambiwa kwa nini. Radio Okapi imekuwa hewani tangu 2002, na habari zake zimeaminika bila kuegemea bahasha za wanamuziki, kwa sababu waandishi wake wanalipwa. Kwa vituo vyetu vidogo mshahara huo utachukua muda. Kanuni ya kiti inaweza kuanza wiki hii, kabla nyota mwingine hajatuhumiwa na kabla rafiki yake hajawasha kipaza sauti.