Usukani Kwanza, Rimu Baadaye: Jinsi ya Kulipia Matengenezo ya Gari la Familia

Simu inalia saa tano asubuhi ukiwa kazini. "Boss, nimefungua gari nimepata reki ya stiaringi imeisha. Tuma elfu ishirini na tano nikimbie nichukue ingine." Gari liko gereji, tairi za mbele zimetolewa, watoto wanapaswa kupelekwa shule kesho, na hicho kilichoisha hujakiona. Wengi wetu hutuma tu.

Sisi kazi yetu ni malipo, si magari. Lakini pesa za matengenezo ya gari ni kati ya pesa ngumu kufuatilia baada ya kutumwa. Zinatumwa kwa haraka, zinatumwa kwa nambari ya mtu binafsi, na ujumbe wa muamala hausemi zilikuwa za nini. Basi leo tuchukue mfano mmoja ambao hauna mzaha, yaani usukani. Redio ikikataa, utafika nyumbani bila muziki. Usukani ukikataa, huenda usifike.

Neno letu ni moja: lipa kwa hatua, na kila hatua ilipie kitu ulichokiona.

Jua dalili kabla ya kumwona fundi

Huhitaji kuwa makanika ili uende gereji ukiwa na maelezo ya maana. Angalia haya ukiwa barabarani:

- Usukani unacheza: unauzungusha kidogo na gari haliitiki.
- Gari linavuta upande mmoja hata barabara ikiwa sawa.
- Usukani umekuwa mzito, au unalia ukikata kona.
- Unasikia "tok tok" mbele ukipita kwa mashimo au matuta.
- Tairi za mbele zinaisha upande mmoja, ndani au nje.
- Kuna mafuta yanayodondoka upande wa mbele, mara nyingi mekundu.
- Taa ya usukani imewaka kwenye dashibodi.

Dalili moja inaweza kuwa na sababu nyingi, na sababu hizo hazilingani bei. Gari linalovuta upande huenda lina upungufu wa upepo tu. Kipimo cha upepo kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kuangalia upepo pale petroli stesheni ni kazi ya dakika chache. Usukani unaolia huenda umepungukiwa mafuta. "Tok tok" inaweza kuwa tai rodi, bolijointi au bushi. Reki yenyewe, ambayo ndiyo ghali, inafaa kuwa kati ya vitu vya mwisho kulaumiwa.

Kuna jaribio ambalo fundi anaweza kulifanya mbele yako. Gari linainuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Fundi anashika tairi la mbele kulia na kushoto, analitikisa. Likicheza hivyo, mara nyingi ni tai rodi. Kisha analishika juu na chini. Likicheza hivyo, shuku bolijointi au beringi. Mwambie akuonyeshe kwa macho mahali panapocheza. Ukiwa mbali, akutumie video. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika.

Angalia pia zile raba zilizovishwa pande mbili za reki. Zikipasuka, vumbi na maji huingia na kuimaliza reki polepole. Raba ikibadilishwa mapema, unaokoa bei ya reki nzima.

Na ujue gari lako ni la aina gani. Magari mengine yanatumia usukani wa mafuta, mengine kama Honda Fit yanatumia usukani wa umeme. Mtu akikuambia anakubadilishia mafuta ya stiaringi kwenye gari lenye usukani wa umeme, funga mkoba wako. Kama lako ni la mafuta, soma kifuniko cha chupa yake kwanza, kwa sababu si kila gari linatumia mafuta sawa.

Bei iandikwe kabla ya spana kuguswa

Wakenya wengi hawajui kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Inazungumzia makadirio ya bei, idhini ya mteja kabla ya kazi kufanywa, kurudishiwa spea za zamani, na ankara. Kwa hivyo ukimwambia fundi "niandikie bei kwanza" humtukani. Unadai kitu ambacho sheria inakitambua.

Makadirio si lazima yawe karatasi yenye muhuri. Kwa gereji ya jua kali, ujumbe wa WhatsApp au SMS unatosha kuanzia, mradi uwe na mambo matano: jina la spea, aina yake, bei yake, gharama ya kazi, na siku ya kumaliza.

Hapo kwa aina ndipo watu wengi huumia. Reki inaweza kuwa mpya kutoka kwa mtengenezaji wa gari, mpya ya kampuni nyingine, mtumba wa kutoka Japani, au ile yako ikafunguliwa na kubadilishwa sili. Hizo ni bei nne tofauti. Ukiambiwa tu "reki ni elfu ishirini na tano," hujaambiwa kitu. Uliza ni gani, ina warantii ya muda gani, na kama imelinganishwa na nambari ya chesisi iliyo kwenye logibuku yako. Magari mawili yanaweza kufanana kwa nje na spea zikakataa kuingiliana.

Gawa malipo

Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu, si bei ya soko. Mmekubaliana shilingi 34,000: spea 24,000, kazi 7,000 na alaimenti 3,000. Badala ya kutuma 34,000 zote asubuhi, fanya hivi:

Kwanza, shilingi 2,000 kwa fundi. Hii ni sehemu ya kazi, ili afungue na athibitishe tatizo. Fundi naye ana kodi na nauli, na amewahi kufanyiwa mchezo na wateja waliomwonyesha ujumbe wa uongo wa malipo. Kumpa kitu mkononi ni haki.

Pili, shilingi 24,000 kwa duka la spea. Usizipitishe kwa fundi kama unaweza kuepuka. Iwe duka liko Kirinyaga Road, Industrial Area au kwa mji wenu, mwambie fundi akupigie akiwa hapo, akutumie picha ya spea na nambari ya Till ya duka. Lipa moja kwa moja kwa Till hiyo, kisha risiti iandikwe jina lako na nambari ya gari.

Tatu, shilingi 3,000 kwa wenye mashine ya alaimenti. Reki au tai rodi ikibadilishwa, alaimenti ni lazima. Usipoifanya, tairi za mbele zitaliwa upande mmoja na utajikuta unanunua tairi. Mashine nyingi za kisasa hutoa karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Iombe.

Nne, shilingi 5,000 za mwisho kwa fundi. Hizi zinatoka baada ya nyinyi wawili kuliendesha gari pamoja. Pitia barabara iliyonyooka, kona na tuta. Rudi, zima gari, chungulia chini kama kuna mafuta yanayovuja. Chukua spea ya zamani. Kisha lipa.

Je, kulipa mara nyingi hakuongezi makato? Inategemea unalipa wapi. Kwa mfano, ukilipa kwa M-Pesa kwenye Till ya Buy Goods, mteja hakatwi ada. Ukituma kwa nambari ya simu ya mtu, kila muamala una ada yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuliza "una Till?" kabla ya kuuliza "nitume kwa nambari gani?"

Soma jina kabla ya muamala kukamilika

Kabla muamala haujakamilika, jina la anayepokea huonekana kwenye simu yako. Sekunde hizo chache ndizo ulinzi wako mkubwa. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama, piga simu, uliza. Huenda ni mwenye duka, huenda ni binamu ya mtu.

Ukishalipa, fanya kitu kidogo ambacho kitakusaidia sana siku ya ubishi. Sambaza ujumbe wa muamala kwa fundi au kwa duka na uandike chini yake: "Hii ni ya tai rodi mbili mpya za KDA fulani, warantii miezi mitatu." Akijibu "sawa," sasa una ushahidi unaosema pesa zilikuwa za nini. Ujumbe wa muamala peke yake unasema tu kwamba pesa zilienda.

Na usichanganye mambo mawili. Kurudishiwa pesa, ile wengi wanaita rivaso, ni kwa ajili ya pesa zilizoenda kwa nambari isiyo sahihi. Hapo kimbia. Kwa M-Pesa, sambaza ujumbe huo kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa. Lakini rivaso haitengenezi usukani. Kama ulimtumia mtu uliyemkusudia na kazi yake ikawa mbovu, hayo ni madai kati yako na yeye, na silaha yako ni yale makadirio, risiti na jumbe ulizohifadhi. Vilevile, kuomba rivaso kwa fundi aliyemaliza kazi yake vizuri ni wizi, hata kama unaufanya kwa simu.

Sasa tuongee kuhusu rimu

Gari likishanyooka, hamu huja: rimu kubwa, tairi pana, springi za kuinua gari lipite kwa mashimo, usukani mdogo wa kimichezo, engine iongezwe nguvu. Hatuna shida na gari linalopendeza. Shida ni kufanya hayo kabla ya usukani kuwa salama, au kufanya bila kujua yanaugusa usukani.

Rimu na tairi zikiwa kubwa na pana kuliko kipimo cha gari, tai rodi, bolijointi na beringi hubeba mzigo zaidi. Vyuma vya kusukuma tairi nje hufanya vivyo hivyo. Ukiinua gari, pembe ya tai rodi hubadilika, na bila alaimenti mpya utaona usukani unatangatanga kwenye barabara kuu. Na ukitoa usukani uliokuja na gari ili uweke ule mdogo, kwa magari mengi umetoa eabegi ya dereva. Kwa gari la kubeba watoto, hilo si pambo.

Kuna uboreshaji ambao abiria wako watauhisi: tairi nzuri zenye kipimo sahihi, shokabu mpya, brekipedi za kuaminika, bushi zisizolegea. Mtu anayetaka gari liende kasi ahakikishe kwanza linageuka na linasimama.

Ukibadilisha kitu kikubwa, iambie bima. Mabadiliko usiyoyataja yanaweza kuleta mvutano siku ya kudai fidia. Na ukibadilisha engine, rangi au bodi, taarifa za gari zinafaa kurekebishwa NTSA.

Kuhusu pesa zenyewe, tofautisha dharura na tamaa. Tai rodi iliyolegea ni dharura. Rimu zinaweza kungoja. Kukopa kwa simu ili ununue mapambo ni kulipia riba au ada kitu ambacho hakingekudhuru ukikikosa. Afadhali ufungue akiba ndogo ya gari kwa simu na uweke kiasi kila wiki, kiasi kilekile unachojaza mafuta bila kufikiri. Reki ikilia, utakuwa na pa kuanzia. Isipolia, rimu zitakuja kwa pesa zako.

Kabla hujatuma shilingi ya kwanza

1. Umeona kwa macho au kwa video kinachocheza?
2. Umeandikiwa spea, aina, bei, kazi na siku ya kumaliza?
3. Pesa za spea zinaenda kwa Till ya duka?
4. Jina lililotokea kwenye simu ni lile ulilotarajia?
5. Umebakisha pesa za kazi hadi gari lijaribiwe?

Jibu likiwa "hapana" hata kwa moja, ngoja kidogo. Na yeyote atakayekupigia simu akidai ni sisi, eti anakusaidia kurudisha pesa za gereji na anahitaji PIN yako, kata simu. Hatutawahi kukuuliza PIN.

Safiri salama.