Kagua Msitu Kama Unavyokagua Ng'ombe



Ng'ombe wako akikataa majani asubuhi, unafanya nini? Humchomi sindano yoyote iliyo karibu. Kwanza unamtazama macho. Unamgusa masikio. Unatazama kinyesi chake. Ukisha kujua ana ugonjwa gani, ndipo unatafuta dawa.

Msitu nao ni hivyo hivyo. Kabla ya kuutungia sheria, tujue kwanza ni hatari gani inayoukabili. Leo tuzungumze juu ya kuukagua msitu wa Mlima Hanang.

MLIMA ULIPOPOROMOKA

Tarehe 3 Desemba, 2023 ilikuwa Jumapili. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikashindwa kujishikilia. Haikuwa volkano.

Msiba ule si kosa la mama aliyeokota kuni. Lakini ulitufundisha kwamba mlima una hatari zake, na hatari hizo hazifanani kila upande. Anayezijua mapema hupanga vizuri.

MASWALI MATANO

Shirika la dunia la kuhifadhi mazingira, IUCN, lina njia ya kukagua msitu, ziwa au mbuga nzima. Njia hiyo ilikubaliwa mwaka 2014. Ina maswali matano:

1. Je, msitu unapungua? Waulize wazee mpaka wake ulikuwa wapi miaka 50 iliyopita.

2. Je, ni mdogo, tena uko mahali pamoja tu? Hanang umesimama peke yake. Moto mmoja mkubwa unaweza kula sehemu kubwa ya msitu.

3. Je, udongo na maji vimeharibika? Tazama chemchemi na makorongo.

4. Je, viumbe bado wanategemeana? Ndege hula matunda na kutawanya mbegu. Tazama chini ya miti mikubwa. Kama hakuna miche, msitu huo ni ukoo wa wazee wasio na watoto.

5. Je, mambo yakiendelea hivi, msitu utakuwepo miaka 50 ijayo? Hapa wataalamu hutusaidia kupiga hesabu.

Jibu baya kuliko yote ndilo linalotoa hukumu. Ng'ombe mwenye macho mazuri na mapafu mabovu ni mgonjwa.

Mwaka 2024 wataalamu walimaliza kukagua mikoko ya pwani za dunia kwa maswali haya. Walikuta nusu ya makundi ya mikoko waliyoyakagua yamo hatarini.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nilipoanza kazi ya ubwana shamba, kijiji kimoja kililalamika kwamba chemchemi yake inapungua. Mimi niliwaambia wapande mikaratusi, kwa sababu hukua upesi. Sikuuliza kwanza chemchemi inaharibiwa na nini.

Kumbe mifugo ilikuwa inaikanyaga. Mikaratusi ilikua, ikanywa maji mengi. Mifugo nayo iliendelea kukanyaga. Baada ya miaka michache akina mama walitembea mbali zaidi kuchota maji. Mwishowe tulishika mashoka, tukaikata miti niliyoileta mimi mwenyewe. Nilitoa dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

JIRANI ZETU WA BABATI

Katika wilaya ya Babati kuna msitu wa miombo wa Duru-Haitemba. Serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake. Wananchi hawakukubali. Kuanzia mwaka 1994 vijiji 8 vilianza kuutunza vyenyewe.

Walitembea msituni, wakaona wapi pameharibika na wapi ni pazima. Wakagawa sehemu za kupumzishwa na sehemu za kutumiwa. Wakatunga sheria, wakaweka walinzi wao. Ukaguzi ulitangulia, sheria zikafuata. Leo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi.

TUFANYE NINI?

Mlima Hanang si msitu wa kijiji. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lakini sisi ndio tunaouona kila siku.

Katika mkutano wa kijiji, chagueni watu wachache: mzee, mama, mchungaji na kijana. Mwombeni bwana misitu afuatane nao. Waende mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa kiangazi.

Wachukue daftari. Waandike tarehe na mahali. Ndoo moja inajaa kwa dakika ngapi kwenye chemchemi? Moto uliunguza wapi? Miche ipo? Mifugo inapita wapi? Kuna nyufa katika ardhi?

Kisha kila hatari ipewe dawa yake. Panapoungua, ilimwe njia ya kuzuia moto. Penye chemchemi, mifugo izuiwe na birika lijengwe chini yake, ili mchungaji naye asinyimwe maji. Kwenye korongo linalopitisha tope, mtu asijenge nyumba. Nakala moja ya daftari ibaki kijijini, nyingine ipelekwe kwa bwana misitu.

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma na kuandika. Kazi ya daftari hili unaiweza. Lakini ukiona ufa mpya mlimani, au maji ya mto yamegeuka tope ghafla, usingoje siku ya kuandika. Waondoe watoto bondeni, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji saa ile ile.